Neno la Bawabu

2 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo. Mama amehamishiwa zamu za mchana wodini, kwa hiyo siku hizi tunamwona akiwa macho. Baba yuko karakana kama kawaida, amezungukwa na televisheni za watu hadi akitaka kutoka inabidi anyanyue miguu kama anayevuka matope. Kitinda ameng'oka jino la mbele. Anauliza unalala wapi humo ndani ya televisheni, maana alichungulia nyuma akaona nyaya tu. Nikamwambia wewe uko mjini, studio, inayokuja huku ni sauti peke yake. Akasema, "Basi na miguu yake ije."

Natumaini koo lako halisumbui, na kwamba unafuata sharti la daktari la kutoongea ukitoka kazini. Mimi sharti hilo limenifaa. Kwenye simu huwa nanyamaza mpaka mtu anadhani laini imekatika. Kwenye karatasi najiweza.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Wiki ya kwanza sikuandika kwa sababu nilitaka kutenda haki. Wiki ya pili nikajizuia. Wiki hii nimeshindwa.

Shangazi, wamefanya nini na *Lango la Chumvi*? Vitabu vitano wamevibana katika msimu mmoja kama nguo za mwaka mzima kwenye mkoba wa sokoni. Punda kiziwi wa Bawabu hayupo, kuna farasi mweupe. Mikono ya Bawabu, ambayo kitabuni imepasuka kwa chumvi hadi anaifunga matambara, kwenye televisheni ina kucha zilizopakwa rangi. Lango liko chini ya ardhi, ukurasa wa pili tu unasema hakuna upepo, lakini nywele zake zinapepea kila akigeuka. Nani anampepea?

Hayo yote ningeyameza. Lakini unajua mwisho wa kila kitabu. Mtoza Majina anapanda hadi langoni, anaweka mdomo kwenye ufa, anauliza, "Bawabu, umechoka?" Akikubali tu, lango linafunguka na watu wote wa nyuma yake wanapoteza majina yao. Naye anajibu neno moja: "Bado." Mwaka baada ya mwaka, kitabu baada ya kitabu, "Bado," hadi amezeeka.

Jana kwenye televisheni akasema, "Kamwe!" Ngoma zikalia. Upepo ukavuma.

Na ni wewe uliyelisema! Wewe uliyenisomea kitabu cha kwanza nilipougua surua, chumba kikiwa na giza kwa ajili ya macho yangu. Ulipofika pale ulishusha sauti, ukajibu kama mtu ambaye mikono yake ina kazi. Baba anawaambia wateja wote, "Sauti hiyo ni ya dada yangu." Kweli sauti ni yako. Maneno ya nani?

Nani alibadilisha, na kwa nini ulikubali?

Mama anakusalimu. Kitinda anaisalimu miguu yako.

Mwanao,
Miwani

&nbsp;

16 Februari

Miwani, mwanangu,

Marahaba. Nimefurahi kusikia Mama yako anaonekana mchana. Mwambie kitambaa alichoniagiza nimekipata, ila si cha kijani, ni cha rangi ambayo muuzaji aliapa kuwa ni kijani. Kitinda mwambie miguu yangu inamtamani pia, na jino alitunze, nitalikagua.

Koo ni zima. Naongea saa za kazi tu. Jirani yangu wa ukumbi mmoja anadhani mimi ni bubu, ananielekeza duka la mikate kwa mikono. Sijamsahihisha, ni mtu mwema na anafurahia.

Barua yako niliisoma nikicheka peke yangu. Farasi sikumpandisha mimi, mwanangu. Wala si mimi ninayempepea. Picha inakuja imeshatengenezwa huko mbali, kwa lugha yao, sisi tunaivalisha Kiswahili. Kazi yetu ni ya ushonaji. Mdomo ni mwili wa mteja, neno ni nguo, na mteja mwenyewe hasimami akapimwa. Herufi nyingi unaweza kudanganya, mtu haoni. Lakini b, p na m zinafunga midomo, na hapo hakuna ujanja. Midomo ikifungwa kwenye picha na wewe umesema "aa", mtazamaji anakereka bila kujua kinachomkera. Mimi na fundi mitambo tunaweza kukesha juu ya b moja.

Vipi shule? Uliniambia mwalimu wa lugha anataka kila mmoja asimame mbele asome insha yake. Zamu yako imefika, au unaendelea kubadilishana na yule rafiki yako anayependa kuonekana?

Mwishoni mwa barua uliniuliza swali jingine. Nimelisoma. Huku mvua inanyesha sana.

Msalimie kaka yangu. Mwambie asiwaambie wateja mambo mengi.

Shangazi yako

&nbsp;

1 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Tumepokea kitambaa. Mama amekitazama kwenye jua na kivulini, amesema muuzaji huyo ana macho yake peke yake, lakini atashona. Kitinda amepoteza jino, analitafuta hadi kwenye sukari. Kuhusu insha, nimebadilishana zamu tena. Usiniulize mara ya pili.

Nashukuru kwa habari za mvua. Huku ni jua kali, kwa hiyo sina pa kujificha, naendelea.

Kuna mteja ameleta kwa Baba televisheni inayotoa picha bila sauti. Juzi Baba alikwenda kununua vipuri akaniachia karakana, nami nikaiwasha wakati wa marudio. Nikakaa karibu hadi miwani ikagusa kioo. Mtoza Majina akauliza. Nikautazama mdomo wa Bawabu peke yake, kama ulivyonifundisha. Shangazi, midomo ilifungwa *kwanza*. Kisha ikafunguka. Kisha ikawa mviringo.

Kamwe inafunga midomo katikati na inaishia meno nje. Nilijaribu mbele ya kioo cha kinyozi jirani, akaniuliza kama jino linaniuma. Lugha yao siijui na sijui wao wamesema nini. Lakini neno linaloanza midomo ikiwa imefungwa na kuishia mviringo tunalo, liko kitabuni, na lingemkaa yule binti anayemwigiza Bawabu kama alipimwa. Kwa hiyo si mdomo uliowashinda. Mtu aliamua.

Darasani siku hizi mwalimu akiuliza, "Mmemaliza zoezi?" wanapiga kelele, "Kamwe!" na kugonga madawati. Wengi hawajafungua hata kitabu kimoja. Nilimwambia anayeketi mbele yangu kwamba neno lenyewe ni Bado. Akasema, "Sasa hiyo ina nguvu gani?"

Sikumjibu, maana alikuwa na wenzake. Nakujibu wewe. Kamwe linasemwa na mtu ambaye hajawahi kuchoka. Anaahidi habari za miaka ambayo haijafika. Bado linasemwa na mtu aliyechoka tangu juzi. Anajua kuna siku atashindwa, na haifichi, ila siku hiyo si leo, na lango analifunga leo. Mimi si jasiri, unanijua. Mtu wa Kamwe siwezi kuwa hata nikila chuma. Bawabu ndiye shujaa pekee niliyewahi kufikiri kwamba naweza kumfuata, na wamemgeuza kuwa kama wale wengine wote.

Sehemu ya mwisho ya msimu iko mbali, na najua hamjaiingiza sauti. Nataka uniambie utasema nini.

Pia nimefanya jambo moja. Nitakuambia likifanikiwa.

Miwani

&nbsp;

5 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Ni barua ya pili naandika bila kupata jibu la ile ya kwanza. Baba anasema posta imelala. Mama anasema watu wazima wana kazi. Kitinda anasema umekwama kwenye waya.

Kama nimekuudhi, niambie kwa maneno makali, nitayasoma yote. Nisichoweza kukisoma ni karatasi ambayo haijaja.

Miwani

&nbsp;

12 Aprili

Mwanangu,

Marahaba mbili, kwa barua mbili. Mimi ni mzima. Mwambie Kitinda nimejinasua. Pole ya jino.

Sikuandika kwa sababu nilikuwa sijui niandike nini. Sasa nakaribia kujua.

Mwezi uliopita imefika barua hapa studio. Haina jina, imetiwa sahihi "Msomaji Mmoja". Bosi aliisoma kwa sauti mbele yetu sote, vikombe vya chai vikiwa mikononi. Inauliza kwa adabu kubwa kwa nini neno la Bawabu limebadilishwa, ilhali midomo yake inafunga mwanzoni, inafunguka, kisha inakuwa mviringo. Mimi niliona mgongo wa karatasi tu, wino ukionekana kwa nyuma, na mgongo ulitosha. Zile g zinazoning'inia kama ndoano, Miwani, nilikufundisha mimi, mezani kwa bibi yako.

Bosi akauliza, "Msomaji gani wa mtaani anajua habari za midomo kufunga?"

Nikasema, "Aliyefundishwa."

"Na nani?"

"Na mimi."

Fundi mitambo akapaliwa na chai. Ikabidi apigwe mgongo, na hilo lilinipa muda wa kuweka kikombe chini.

Basi tukafunga mlango, mimi na Bosi. Si mtu mbaya, usimchore hivyo. Aliniambia, "Bado ni jibu la mtoto aliyeulizwa kama ameosha vyombo. Mimi nauza shujaa." Nikamwambia vyombo vya dunia nzima ndivyo alivyoachiwa binti yule, na ameviosha vitabu vitano. Akasema hajavisoma. Alisema bila aibu, kama mtu anayekuambia hajawahi kufika mahali fulani na hana mpango.

Mwisho wake ni huu. Katika sehemu ya mwisho swali linaulizwa mara tatu. Nikijibu Kamwe mara tatu, tamthilia ijayo ni yangu. Nisipojibu, ni ya mwingine, pamoja na chumba hiki cha kampuni ninamolala.

Uliniuliza kwa nini nilikubali mara ya kwanza. Niliwekewa karatasi mbele, taa ikawaka, nikasoma. Nikajiambia ni neno moja.

Usiombe radhi kwa barua yako. Nimekukataza mapema kwa sababu najua umeshaanza kuitunga.

Baba yako amenipigia simu. Mama yako alimdokezea, sijui yeye kadokezewa na nani. Kwa kuwa siruhusiwi kuongea nikiwa nyumbani, alizungumza peke yake. Alinilaumu, akanitetea, akajibishana, akakata simu amekasirika na mtu ambaye hakuwa mimi.

Tunaingiza sauti mwezi ujao. Sijaamua.

Shangazi yako

&nbsp;

20 Aprili

Dada mpendwa,

Salaam. Ni mimi kaka yako, mkono ni wa Miwani kwa kuwa mwandiko wangu mimi mwenyewe siusomi. Sisi ni wazima. Kwanza kabisa, acha ukaidi. Neno ni pumzi, likitoka limekwenda. Redio ikisema uongo hailaumiwi spika. Wewe ni spika. Una kazi ambayo watu wanaiota, una chumba, una jina mtaani kwetu hadi kinyozi anakuulizia. Sema wanachotaka, uchukue chako, nyumbani useme unachotaka wewe. Pili, huyu mtoto asikuchanganye na vitabu vyake. Tatu, ile pasi uliyoniachia nimeitengeneza, inapiga shoti kidogo tu.

Shangazi, mteja ameingia na Baba ameinuka. Sasa naandika mimi, haraka.

Hayo ya juu nimeyaandika kama alivyosema, hata la pasi, na si kweli kwamba inapiga shoti kidogo. Usiiguse.

Nilikuwa nimeanza kutunga radhi, kweli. Nimeichana. Siijutii ile barua ya studio. Najutia kwamba sikuandika jina langu, maana ulilazimika kusimama wewe peke yako mahali ambapo tungesimama wawili.

Sitakuambia useme wala usiseme. Chumba ni chako na koo ni lako. Ukisema Kamwe nitakuamkia kama siku zote na hakuna kitakachopungua kati yetu. Ila sehemu ya mwisho sitaitazama. Nakuambia mapema ili baadaye usidhani ni adhabu.

Na kuhusu spika, nilimwambia Baba kwamba spika haina vitabu. Nilimwambia kimoyomoyo. Anarudi.

Tatu na nusu: chukua dawa ya koo. Hilo ni la Baba, amelikumbuka mlangoni.

Kaka yako (na Miwani)

&nbsp;

11 Mei

Mwanangu Miwani,

Natumaini mmeamka salama na pasi haijamuua mtu.

Jana tumemaliza. Nilisoma sehemu yote ya mwisho vizuri kuliko nilivyowahi kusoma kitu chochote. Nilitaka Bosi asiwe na pa kunishika. Machozi, vita, maneno ya kumuaga yule farasi wao, yote. Tukazibakiza zile nafasi tatu.

Taa nyekundu ikawaka. Kwenye hedifoni nikamsikia Mtoza Majina akiuliza. Binti akafunga midomo, nami nikafunga yangu, tukafungua pamoja. "Bado." Ilikaa, Miwani. Ilikaa kama ngozi.

Bosi alikuwa upande wa pili wa kioo na fundi mitambo. Akabonyeza kitufe chake. "Tena. Kama ilivyoandikwa."

"Bado."

"Tena."

"Bado."

Tukaenda hivyo kwa muda mrefu. Sikupandisha sauti, unajua kwamba Bawabu hapandishi. Hatimaye Bosi akaegemea meza, akabonyeza, na akaniuliza kwa hasira kabisa, bila kusikia anachokisema:

"Wewe mama, hujachoka? Umechoka?"

Fundi mitambo akainamisha kichwa hadi kikagusa vitufe. Mabega yake yalikuwa yanaruka. Nami nikamjibu Bosi jibu lake, lile lile, kwa adabu, nikimtazama machoni kupitia kioo.

Kisha nikavua hedifoni nikazitundika. Hakunifukuza. Sitaki uende kumwambia mtu kwamba nilifukuzwa. Alisema, "Basi soma lile neno uendelee na maisha yako," na mimi nikasema sitalisoma, nikachukua sweta yangu.

Watakachoweka kwenye zile nafasi tatu sijui. Chumba nakiacha mwisho wa mwezi. Jirani yangu nilimuaga kwa sauti, maskini akaangusha mkate.

Sehemu hiyo itaonyeshwa Jumamosi ya mwisho. Usimwambie baba yako kitu. Nitamwambia mwenyewe nikipata namna ya kuanza.

Shangazi yako

&nbsp;

1 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Mama hajambo, nguo yake imekamilika na watu wote wodini wamesema ni ya bluu. Sote tu wazima. Hukupata namna ya kuanza, kwa hiyo nakueleza ilivyokuwa jana.

Baba alikuwa amealika mtaa mzima. Alipanga viti nje na ndani ya karakana, akawasha televisheni nne za wateja kwa pamoja ili wa nyuma nao waone. Kinyozi alifunga duka akaja na kiti chake chenyewe, kile cha kuzunguka. Baba alisimama katikati kama bwana harusi. "Nyamazeni, nyamazeni. Sikilizeni dada yangu."

Na ulikuwa umesoma vizuri mno. Ulipomuaga farasi, fundi viatu alijipangusa uso na kofia, na mimi nililia kwa ajili ya mnyama nisiyemtambua.

Kisha Mtoza Majina akapanda. "Bawabu, umechoka?"

Ikatoka sauti ya mtu mwingine kabisa, nyembamba, kama ya dada wa mapokezi anayeita namba za wagonjwa. "Kamwe." Sentensi iliyofuata ukarudi wewe.

Watu wakatazamana. Kinyozi akasema, "Bibie kashikwa na mafua."

Baba akairukia televisheni ya kwanza. "Spika hiyo! Nilijua." Akaigonga ubavuni. Mtoza Majina akauliza mara ya pili, na televisheni zote nne zikajibu kwa sauti ile ya mapokezi. Baba akageuka huku na huku. "Zote? Nimezitengeneza kwa mkono wangu!" Shangazi, alikuwa ameumia. Akatoa bisibisi akaanza kufungua mgongo wa ile kubwa wakati bado inawaka, watu wakimwambia, "Acha, fundi, utapigwa na umeme," na kinyozi akiuliza kwa sauti kama yuko mtu hapa anayejua fundi mzuri wa televisheni.

Ikaja mara ya tatu. "Kamwe," likasema lile dada.

Sijui nilisimama saa ngapi. Nilijikuta nimesimama tu. "Baba, si spika," nikasema. "Shangazi amekataa kulisema."

Baba akaninyooshea bisibisi. "Amekataa kweli?"

Nikawaeleza. Wote, Shangazi, na mgongo wangu ulikuwa kwenye televisheni kwa hiyo nilikuwa nawatazama wote usoni. Niliwaeleza neno lililoko kitabuni, na midomo, na barua niliyoiandika mimi, na Bosi. Sauti ilitetemeka mwanzo mpaka mwisho na hakuna aliyedhani laini imekatika.

Kinyozi akazungusha kiti. "Yaani dada yako kafukuzwa kazi kwa ajili ya neno moja? Fundi, si ulituambia ni nyota?"

Nilidhani Baba atanigeukia mimi. Akamgeukia kinyozi.

"Hakufukuzwa. Amekataa."

"Tofauti iko wapi?"

"Mteja akikaa kwenye hicho kiti chako, akakwambia, nyoa na hili sikio, utanyoa?"

"Sikio!"

"Jibu. Amekupa hela."

"Simnyoi. Mimi ni kinyozi, si mchinjaji."

"Basi na yeye hakunyoa sikio," Baba akasema. Akazima televisheni ya kwanza. Akazima ya pili. Watu wakaanza kulalamika kwamba haijaisha. "Hii imeisha. Anayetaka Kamwe akaitazame kwake." Akazima ya tatu, na ile kubwa akaichomoa ukutani kabisa. "Mwenye kutaka mwisho wenyewe, huyu mtoto anao. Miwani, kalete kitabu cha tano."

Wawili waliondoka. Waliobaki nikawasomea sura ya mwisho, pale Bawabu ni mzee na Mtoza Majina mwenyewe ameanza kutembelea fimbo. Nilisoma vibaya, niliruka mstari mara mbili na kurudi. Nilipomaliza, kinyozi, aliyecheka kuliko wote, akauliza kama kitabu cha kwanza kinapatikana. Nikamwambia kipo, ila anawe mikono kwanza.

Baada ya hapo Baba aliingia chumba cha nyuma, nikamsikia akihamisha vitu hadi usiku wa manane. Asubuhi hii nilipoanza barua hii aliniomba nimwachie nafasi chini ya karatasi. Nikamwambia nitamwandikia. Akasema hapana, ataandika mwenyewe, hata usiposoma utaona kwamba ni yeye.

Miwani

*Dada. Chumba cha nyuma nimetoa maredio yote. Nimepaka rangi. Ulikosea kutoniambia na mimi nilikosea yale ya spika, yaishe. Usije na basi la usiku kama mtu aliyefanya kosa. Panda la asubuhi, ufike mchana, upite katikati ya barabara watu wakuone. Nitakuwa mbele nimebeba mizigo.*

*Kaka yako*